Nondo zangu za utafiti ziliishia kwenye mizani ya chuma chakavu

Mwaka wa pili wa kupima migunga kule Kwimba nilitoka Mwanza alfajiri, nikafika kwenye viwanja vyetu vya utafiti na kukuta vigingi vyote 12 vya kuweka alama vimeng'olewa. Zilikuwa nondo nzuri, na vijana walishaziuza chakavu. Vibati vya namba tulivyofunga mitini, watoto walichongea magari. Sikuwalaumu sana.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza utafiti wa kurudia miaka mingi, usiweke alama kwa kitu chenye bei sokoni. Mimi sasa nazika jiwe lililopakwa rangi, kisha naandika hatua na uelekeo kutoka kwenye mwamba mkubwa. Usukumani mawe hayajawahi kuadimika.

Na kabla hujafungua futi, nenda kwa mwenye ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa. Mzee wetu alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, wewe ukiondoka, nani atajua mti namba 40 ni upi?" Nilibaki kimya. Siku hizi mjukuu wake ndiye anayepima nami, na analipwa.

Usumbufu wote huu wa nini? Kwa sababu mambo mengine huonekana baada ya miaka mingi tu. Tazama mgunga wenye miiba ya vinundu, ule unaopiga mluzi upepo ukivuma. Sisimizi hukaa ndani ya vinundu, hunywa maji matamu ya mti na kumng'ata anayekuja kula majani. Laikipia, Kenya, mwaka 1995 watafiti walizungushia viwanja uzio kuzuia tembo na twiga. Ningekuwa mimi ningetarajia miti inawiri. Miaka kama kumi baadaye, miti isiyoliwa ilikuwa imepunguza vinundu na maji matamu. Sisimizi walinzi wakalegea, wakachukua nafasi wengine wasiolinda, wanaoishi kwenye matundu ambayo mbawakawa hutoboa mitini. Mbawakawa wakaongezeka, miti ikadumaa, mingine ikafa. Arizona, Marekani, walianza mwaka 1977 kuwazuia panya warukao kwa miguu ya nyuma; miaka 12 ikapita ndipo viwanja vikaonekana vimegeuka kuwa vya nyasi.

Ufadhili wetu ulikuwa wa miaka mitatu. Ukiisha wako, endelea na viwanja viwili tu badala ya kuviacha vyote; nauli ya basi na posho ya siku moja utazimudu.

Halafu tumia penseli. Mvua ya vuli ilinikuta na kalamu ya wino, ikafuta mti namba 31 hadi 58, na vipimo vya Novemba ile sina pa kuvipata tena.