L ya bonetini si Lamu, na fundi aweke grinda chini

Usilipe. Kama umeshatoa arubuni, kaidai leo kabla ya magharibi. Umeandika kwamba umeonyeshwa lori la zamani la jeshi la Uingereza, Bedford QL, nje kidogo ya Malindi, bonetini lina L na tarakimu saba kwa rangi nyeupe, kwenye bampa kuna namba nyingine, dalali amekwambia L ni Lamu, na unampeleka fundi asugue rangi yote kwa grinda, ile mashine ya umeme, lipendeze. Hapo ndipo nilipoacha kusoma. Mengine uliyouliza nitayarudia nikitulia.

Mimi ni mtu wa Lamu, na hadithi hiyo hiyo niliuziwa kwa kiapo. Nikavimba kichwa, gari la kwetu bwana! Sikujiuliza lori la tani tatu lingepita wapi kisiwani, ambako mpaka leo ukikutana na punda mwenye mzigo kichochoroni wewe ndiye unayerudi nyuma. L ni lori, basi. Jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili lilitoa herufi kwa aina ya chombo: L malori makubwa, Z vilori vya kama robo tatu ya tani, M motokaa, C pikipiki, A ambulensi, H matrekta ya kukokota, T vifaru. Ya Kanada yalitanguliziwa C, ndiyo maana utaona CL au CZ. Ya Afrika Kusini yalikuwa na U. Wamarekani wao tazama tarakimu za mwanzo: 4 ni lori la tani mbili na nusu, 20 ni Jeep. Hakuna Lamu humo. Dalali wangu alifika hadi kuniambia M ni Mombasa, na mimi nikatikisa kichwa kama msomi.

Na usiniambie eti "liliingia Kismayu na Keya", yaani na askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Kismayu, huko Somalia, ilichukuliwa toka kwa Mtaliano tarehe 14 Februari 1941. QL zilianza kutoka kiwandani Luton, Uingereza, mapema mwaka huo huo, na meli za vita wakati ule zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Labda lako liliruka. Mimi nilionyeshwa hata tundu la risasi ya ndege ya Mtaliano! Ndege za Italia kweli zilipiga Malindi mwaka 1940, lakini lile tundu lilikuwa la boliti ya kioo cha pembeni, na lori lenyewe mwaka huo lilikuwa halijaundwa.

Haya, uongo wa dalali nimeusamehe, karibu. Kilichonifilisi ni grinda.

Kuna bwana mmoja ana gereji, anajiita mtaalamu wa magari ya kale, na ada ya ushauri anatoza. Akaniambia mnunuzi wa nje anataka kitu kinachong'aa. Ile rangi iliyopasukapasuka ni uchafu, toa yote mpaka chuma, piga kijani kipya, andika namba upya kubwa. Nikakubali. Jioni moja tu fundi wake alikuwa ameshamaliza boneti, milango na bampa, na kibati cha kiwanda alichokiondoa kabini "kisiharibike" sijakiona tena. Nilimlipa na chai juu.

Mnunuzi akaja kutoka Watamu, mtu mwenye hela na subira. Hakuitazama hata ile rangi. Aliingia chini ya gari na tochi akatafuta namba iliyogongwa kwenye chesisi, akaipata chini ya grisi, akatabasamu. Akauliza kibati. Akauliza picha za rangi ya zamani kabla ya kusuguliwa. Lori lilikuwa la kweli, la wakati wa vita, nami nilikuwa nimelifuta ushahidi wake ili niandike hadithi ya dalali kwa rangi mpya. Zile namba zilitolewa kwa mafungu, kila mkataba wa kiwanda na fungu lake. Ukiwa na namba kamili unafika kwenye mkataba, na mkataba unakupa modeli. Nusu ya namba haikufikishi popote. Na nusu ndiyo niliyobaki nayo: mpwa wangu alijipiga selfi mbele ya lori siku tulipolinunua, na nyuma ya sikio lake inaonekana L na tarakimu mbili. Sikio ndilo limekaa juu ya zilizobaki. Mnunuzi aliivuta ile picha kwenye simu mpaka ikawa ukungu, akacheka, akaniachia bei ya chuma chakavu. Hela niliyopoteza ningenunua mashua na injini yake.

Kwa hiyo chesisi kwanza, rangi mwisho. Kabla ya pesa, kabla ya msasa, kabla hata ya kuliosha: kitambaa, mafuta ya taa, futa grisi, soma kilichogongwa kwenye chuma, piga picha. Namba ya rangi anaweza kuiandika yeyote mwenye brashi, na yako naona nyeupe mno kwa umri wake. Hiyo ya bampa uliyosema ni tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, dalali anaiita "ya bandia". Si lazima! Mtindo huo ulianza 1949, na magari ya vita yaliyobaki jeshini yalipewa namba mpya za namna hiyo. Yaani lako huenda lina namba mbili halali, na ile ya kwanza imelala chini ya rangi ubavuni mwa boneti. Itafute kwa msasa wa maji, kwa mkono, sehemu ya kiganja kimoja, tabaka moja moja, ukipiga picha kila rangi inapobadilika. Mkono, nimesema. Chesisi kwanza.

Nitumie picha za boneti pande zote mbili. Na kama fundi ameshachomeka hiyo grinda, zima umeme wa nyumba nzima.