Usinunue mazulia, mkuu, hela ina mwenyewe

Mkuu, hiyo hela usiipeleke msikitini. Nimesoma uzi wako wote. Uliacha kuswali tangu uhamie Muscat, unataka kurudi kwa Mola wako kabla ya Ramadhani, unauliza sala ulizoacha utazilipaje na wazee nyumbani utawaambia nini. Halafu hapo katikati umepenyeza kimstari kwamba zile hela za mwenzako wa Kariakoo ulizoondoka nazo utazinunulia mazulia ya msikiti wa mtaani kwenu "ili yaishe". Hayaishi.

Mimi nilinunulia msikiti tenki la maji. La lita 5,000, jeusi, na mnara wake wa zege. Hela ilikuwa ya mshirika wangu wa vitenge: tulichanga mtaji, mzigo ukauzika, nikazima simu. Miaka ikapita, usingizi ukaanza kuniruka, nikaenda kwa ustadhi mmoja nikamweleza kila kitu. Akaniambia mwenye mali keshasahau, kumtafuta ni kufukua fitina, toa sadaka kwa niaba yake na thawabu zitamfikia. Msikiti wa kupelekea sadaka ukatokea kuwa ule ambao ustadhi mwenyewe ndiye mshika hazina. Mimi nikaona nuru. Bora ningeona risiti.

Ruhusa ya namna hiyo ipo, lakini ni kwa mwenye haki asiyejulikana wala kupatikana, yeye na warithi wake. Wangu alikuwa Mbagala, na namba ileile! Imamu Nawawi kayapanga wazi masharti ya toba katika kitabu chake Riyadhus-Swalihin: uache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia, na ikiwa umedhulumu mja, la nne ni kumrudishia haki yake. Hilo la nne ustadhi wangu alilimeza kama panadoli. Katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim yumo yule muflisi atakayekuja Kiyama na sala, saumu na zaka zake, lakini huyu kamtukana, yule kamlia mali. Mema yake yatagawiwa mpaka yaishe, kisha atwishwe madhambi yao. Hata shahidi aliyekufa katika njia ya Mungu husamehewa yote isipokuwa deni. Na Wakristo wa humu msicheke, Mathayo 5 inawaambia muache sadaka mbele ya madhabahu mkapatane kwanza, na Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne.

Sasa sikia kilichonikuta. Ijumaa moja yule mshirika wangu akaja kuswali palepale. Kakunja suruali mpaka magotini, anatawadha, anamwambia jirani yake kwamba aliyetoa tenki hili Mungu amlipe. Nikaitikia "amina" na mimi, ningefanyaje? Baada ya sala nikamfuata kwenye viatu, nikamwambia. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo wanangu walirudishwa nyumbani kwa ada ili watu wapate udhu?"

Nani atapanda mnarani kushusha tenki la msikiti? Nikaanza kumlipa upya, kila mwisho wa mwezi kwa simu, mpaka duka langu nikalifunga nikabaki na meza ya barazani. Kiasi kilekile, mara mbili. Ustadhi nilipomwendea akasema nilimwelewa vibaya. Thawabu za tenki sijui nani anazipokea, pengine nazo ziko kwake kwenye hazina.

Hela ya mtu irudi kwa mtu. Huna yote? Peleka ulichonacho, mkubaliane kilichobaki mbele ya shahidi. Amefariki? Warithi wapo. Akitaka kukusamehe ni yeye, lakini akusamehe akijua ni shilingi ngapi, siyo ile "nisamehe kwa yote, ndugu yangu" mnayotumiana usiku wa kuamkia Ramadhani.

Umesema namba yake unayo. Piga leo, usimzungushe kwa salamu ndefu, taja kiasi na siku ya malipo ya kwanza, kisha nyamaza umsikilize. Atakutukana. Wangu alisubiri nimpigie jioni ile, akanitukana mpaka salio likakata, na aliyepiga ni mimi.