Arubuni ya nyumba ya kukarabati na kuuza: unamdai nani?

Ndugu, kwa maelezo yako ulimpa mwenzako shilingi 800,000 ili mnunue nyumba kuukuu Buruburu, Nairobi, muikarabati na kuiuza kwa faida, naye sasa anasema mwenye nyumba amezuia arubuni, yaani malipo ya awali ya kununua, hivyo huna chako. Hapo amechanganya mikataba miwili, wako na yeye na wake na muuzaji. Muuzaji kuzuia fedha hakumwondolei mwenzako wajibu wa kukueleza zilikokwenda.

Mdai kwanza nakala ya mkataba wa mauzo. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba ya Kenya kinataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na kushuhudiwa, kwa hiyo asipouonyesha, mimi ningetilia shaka kama kuna muuzaji aliyelipwa. Ukiwapo, tazama nani alikabidhiwa fedha: kwa desturi arubuni ya asilimia 10 hukaa kwa wakili wa muuzaji mpaka mauzo yakamilike, na mwenzako anaweza kumwomba wakili huyo athibitishe kwa barua.

Hifadhi jumbe zote za M-Pesa na WhatsApp. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Dai kurejeshewa fedha, si sehemu ya nyumba, maana ukigusa umiliki utaelekezwa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.