Uchaguzi mdogo ni wa jimbo, msiwape Wakuba

Kuna kijana wa Tanga kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika makala ya historia ya Kuba na nimefika kwenye uchaguzi wa wabunge wa tarehe 1 Novemba 1910, ule uliofanyika rais akiwa bado yuko madarakani, hakuwa anagombea. Mimi nimeandika 'uchaguzi mdogo wa Kuba wa mwaka 1910, ambao haukuwa huru na haki'. Rafiki yangu anasema nimekosea, niandike 'uchaguzi wa muhula wa kati'. Tumebishana hatujaafikiana. Tuamulie."

Marahaba mwanangu. Naamua: mmekosea wote wawili, ila wewe umekosea vibaya zaidi, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu hili neno nimelivumilia miaka na miaka na sasa limenifika hapa.

Uchaguzi mdogo, kwa Kiswahili tunachozungumza Tanzania na Kenya, ni kitu kimoja tu kinachojulikana. Mbunge kafariki, au kajiuzulu, au kafukuzwa chama akapoteza na ubunge wake, au mahakama imetengua matokeo yake, basi kiti kinabaki wazi na watu wa jimbo lile wanaitwa kupiga kura upya kumpata wa kukikalia. Ndo hivyo, hakuna zaidi. Na aliyewahi kukaa kwenye jimbo lenye uchaguzi mdogo anajua sura yake, vigogo wa vyama wanatoka kila pembe ya nchi wanahamia sehemu moja, gesti zinajaa mpaka hupati chumba, magari ya matangazo yanazunguka tangu asubuhi spika juu, mama lishe anaongeza sufuria, halafu ukivuka tu mpaka wa jimbo upande wa pili unakuta watu wanapalilia mahindi yao hakuna hata bango moja kwenye mti. Huo ndo udogo wenyewe. Ni mdogo kwa sababu eneo ni dogo na viti ni vichache, na nchi nzima haihusiki.

Sasa chukua sentensi yako. "Uchaguzi mdogo wa Kuba wa mwaka 1910." Mimi msomaji nisiyejua historia ya Kuba nikiisoma hiyo nauliza moja kwa moja, nani alikufa? Jimbo gani? Kiti cha nani kilikuwa wazi? Na jibu ni kwamba hakufa mtu, hakujiuzulu mtu, na halikuwa jimbo moja. Ilipiga kura nchi nzima, mikoa yote sita, kuanzia Pinar del Río kule magharibi, Havana, Matanzas, Santa Clara, Camagüey, mpaka Oriente kule mwisho wa kisiwa. Wanaume wote raia kuanzia miaka 21 walikuwa na haki ya kupiga kura. Kilichogombewa ni nusu ya viti vya Baraza la Wawakilishi. (Wazanzibari wenzangu msishtuke, hili Baraza la Wawakilishi siyo la Chukwani, ni lile la chini la bunge la Kuba, la juu lilikuwa Seneti yenye watu wanne kila mkoa.) Nusu ya viti vya nchi nzima, unaita kidogo?

Na haikutokea kwa bahati mbaya, ilikuwa ni kalenda. Katiba yao ya mwaka 1901 ilisema mwakilishi anakaa miaka 4, na kila baada ya miaka 2 nusu ya baraza inakwenda kwa wananchi. Kwa hiyo kila rais akiwa katikati ya safari yake anakuta nusu ya wawakilishi wanachaguliwa upya. Utaratibu huo sisi huku hatuna, na hapo ndo penye kiini cha tatizo. Tanzania tunachagua rais, wabunge na madiwani siku moja kila miaka 5, tunaita uchaguzi mkuu. Mwaka mmoja kabla yake tunachagua viongozi wa serikali za mitaa, vijiji na vitongoji. Kitu ambacho hatuna hatukukipa jina, na mwandishi akikutana nacho kwenye habari za nje anapapasa mfukoni anatoa jina la kwanza analolipata, linakuwa "uchaguzi mdogo". Kila baada ya miaka minne Wamarekani wakipiga kura za bunge lao katikati ya muhula wa rais wao naliona tena, "uchaguzi mdogo Marekani". Wanachagua baraza lao la chini lote, viti 435, na theluthi hivi ya maseneta, majimbo yote 50 yanapiga kura, na sisi tunaandika mdogo! Ni sawa na kuita masika manyunyu. Mtu anasoma anadhani kuna mbunge mmoja wa Ohio kaanguka na presha.

Utaniambia mwalimu unakuza mambo, msomaji si ataelewa tu kwa muktadha. Hapana, na huo uchaguzi wako wa Kuba ndo ushahidi mzuri kuliko wote, kwa hiyo nivumilie nikae nao kidogo.

Kwanza angalia ulikotoka. Jamhuri ya Kuba ilianza 20 Mei 1902, rais wa kwanza Tomás Estrada Palma. Uchaguzi wa kwanza wa nusu ya wawakilishi ulikuwa Februari 1904 na ukajaa tuhuma za wizi wa kura. Mwaka uliofuata Estrada Palma akataka kuchaguliwa tena, wapinzani wake Waliberali wakaona mchezo umeshapangwa wakajitoa, na Agosti 1906 wakaingia msituni na bunduki. Septemba ile ile Wamarekani wakaingia, kwa sababu walikuwa wamejiwekea haki ya kuingilia kati ndani ya katiba ya Kuba yenyewe, wakaitawala nchi mpaka 28 Januari 1909. Siku hiyo ndo José Miguel Gómez wa chama cha Liberali, aliyeshinda Novemba 1908, akakabidhiwa urais. Kwa hiyo Novemba 1910 ni uchaguzi wa kwanza Wakuba kuusimamia wenyewe tangu mgeni aondoke, nchi ambayo miaka minne nyuma ilipoteza serikali yake kwa sababu ya kugombania kura. Wote walikuwa wanaangalia kama itaweza.

Halafu kuna hili ambalo kwangu mimi ndo zito. Mwaka 1908 Wakuba weusi, wengi wao maveterani waliopigania uhuru dhidi ya Hispania halafu wakaona vyeo vinagawiwa kwa wengine, walianzisha chama chao Havana, Partido Independiente de Color, kiongozi wake Evaristo Estenoz. Walidai mambo ambayo leo mtu yeyote angeyaona ya kawaida kabisa, siku ya kazi iwe saa 8, elimu bure, wakulima wapewe ardhi, ubaguzi uishe kwenye ajira za serikali. Kwenye uchaguzi wa 1908 hawakupata kiti. Wakaanza kujipanga upya, wana gazeti lao, wana matawi, na uchaguzi uliokuwa mbele yao ni upi? Huu wa 1910. Chama kichanga hakianzi na urais, kinaanza na viti viwili vitatu vya bunge, na kwa Waliberali hiyo ilikuwa hatari kwa sababu kura za watu weusi walizihesabu ni zao.

Kwa hiyo nini kilifanyika? Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya uchaguzi, yale ya seneta Martín Morúa Delgado, yaliyokataza chama chochote chenye watu wa rangi moja tu. Morúa mwenyewe alikuwa mtu mweusi, mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa, na alifariki Aprili 1910 kabla sheria haijakamilika. Mwezi huo huo Estenoz na wenzake wengi wakakamatwa kwa tuhuma za njama, Mei sheria ikapita, na ilipofika Novemba chama chao hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Baadaye mahakama ikawaachia, lakini kura zilikuwa zimeshapigwa. Walidai sheria ile ifutwe, hawakusikilizwa, na 20 Mei 1912 wakainuka, hasa kule Oriente. Jeshi likatumwa. Wakuba weusi kwa maelfu waliuawa, wengi wao hawakuwa na silaha yoyote, Estenoz akauawa Juni, mwenzake Pedro Ivonnet akauawa Julai.

Sasa rudi kwenye sentensi yako, "uchaguzi mdogo". Unaona ulichokifanya? Umemwambia msomaji kwamba hapa hapana jambo, pita tu. Uchaguzi ambao sheria ilipindishwa miezi sita kabla ili watu fulani wasiwemo, na kutowemo kwao kukaishia kwenye makaburi, wewe umeuvalisha jina la kujaza nafasi ya marehemu. Sisemi ulikusudia. Ila maneno ndo yanavyofanya kazi, msomaji hana kingine cha kumwongoza.

Nije kwa rafiki yako. "Uchaguzi wa muhula wa kati" limetafsiriwa neno kwa neno na mtu aliyekuwa na haraka. Kila aliyepita shule anajua muhula wa kwanza, muhula wa pili, na kwa Wakenya na wa tatu. Kwenye mihula mitatu, muhula wa kati ni ule wa pili. Kwa hiyo "uchaguzi wa muhula wa kati" kwa Kiswahili ni uchaguzi unaofanyika kwenye muhula wa pili kati ya mitatu, yaani rais ana mihula mitatu na tumechagua wakati wa ule wa pili. Gómez alikuwa na muhula mmoja tu! Kinachokuwa katikati ni uchaguzi, muhula wenyewe haupo katikati ya kitu. Wapo pia wanaokata kabisa wanasema "uchaguzi wa kati", hao sina hata la kuwaambia, kati ya nini na nini?

Muhula asili yake Kiarabu, ni muda mtu aliopewa, nafasi mpaka siku fulani. Lina mwanzo lina mwisho, ndo maana linaweza kuwa na katikati. Basi jina linalosimama ni "uchaguzi wa katikati ya muhula", na "katikati" andika neno moja, usiliache nafasi. Wapo wanaosema "uchaguzi wa nusu muhula", silipendi kwa sababu linasikika kama wanaochaguliwa watakaa nusu muhula, lakini nimeshalisikia kwa watu wengi wenye akili zao, nimechoka kugombana nalo, liacheni liishi.

Lakini ukiandika "katikati ya muhula" ongeza muhula wa nani, hasa kwenye historia. Novemba 1910 ilikuwa katikati ya muhula wa rais Gómez. Kwa yule mwakilishi aliyekuwa anatetea kiti chake ilikuwa mwisho wa muhula wake, hana tena kiti asiporudishwa. Na kwa mwenzake aliyekaa jirani yake, wa ile nusu nyingine, ndo ilikuwa katikati kweli, anaangalia tu wenzake wanavyohangaika. Watu watatu, muhula uko sehemu tofauti kwa kila mmoja. Ndo maana Wakuba wenyewe hawakuuita kwa muhula, waliuita kwa lugha yao uchaguzi wa sehemu, maana inagombewa sehemu ya viti. Na mimi kwa Kuba ningekwenda na njia hiyo hiyo, niseme wazi kilichokuwa kinachaguliwa, "uchaguzi wa nusu ya wawakilishi". Hakuna atakayeuliza nani alikufa.

Kuna na hili la mwisho, nilitaka kulipita ila siwezi. "Haukuwa huru na haki." Huru ni sifa, uchaguzi huru, sawa. Haki ni nomino, uchaguzi hauwezi kuwa "uchaguzi haki" kama ambavyo hakuna "hakimu haki" wala "mgao haki". Ni uchaguzi wa haki, hakimu wa haki, mgao wa haki. Kwa hiyo ni "huru na wa haki", hiyo "wa" ni herufi mbili tu jamani, haina gharama, na bado waangalizi, wagombea, watangazaji, wote wanaiacha. Wanaoniambia lugha inabadilika nawauliza, imebadilika imekuwa nini? Mbona hamsemi "mahakama haki"?

Sentensi yako nimekuandikia upya, iweke kama ilivyo: "Tarehe 1 Novemba 1910, katikati ya muhula wa Rais José Miguel Gómez, Wakuba walichagua nusu ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, katika uchaguzi ambao haukuwa wa haki kwa sababu chama cha Wakuba weusi kilikuwa kimezuiwa kwa sheria." Ni ndefu kuliko yako, najua. Msalimie rafiki yako.