Muulize Bibi Hansadi: "Nililisemea Bungeni." Alilisemea kweli?

Bibi Hansadi aliandika Taarifa Rasmi za Bunge kwa miaka 22. Siku hizi amestaafu, yuko hapa hapa Dodoma na mizabibu yake michache, na anajibu barua zenu.

SWALI: Mbukwenyi Bibi, na shikamoo. Mimi ni dalali wa mahindi sokoni Kibaigwa, ila kwetu ni jimbo jingine ambalo silitaji, nisije nikaitwa mchochezi. Mbunge wetu kila akija mkutanoni anasema suala la zahanati yetu "amelisemea sana Bungeni". Zahanati ina kuta, paa haina, huu mwaka wa tano. Nitajuaje kama alilisemea kweli au anatupiga fiksi?
Dalali, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mjukuu wangu.

Kila neno linalosemwa kwenye ule ukumbi linaandikwa. Hata kucheka kunaandikwa. Sisi tulikuwa tunaweka kwenye mabano: (Kicheko). Wakipiga meza: (Makofi). Msemaji akimaliza dakika zake tunaandika kwamba kengele ililia. Kitabu chenyewe ni Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, na wenye kazi tunakiita Hansadi. Kila kikao kina ya kwake, inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, na juu ya kurasa utaona imeandikwa "Nakala ya Mtandao". Kupakua ni bure, bando tu ndilo lako.

Kabla hujaifungua, jua tofauti moja inayowasumbua wengi. Mkutano wa Bunge ni wiki kadhaa; kikao ni siku moja. Ule wa bajeti unaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, huo ndio msimu ambao vyumba vya wageni mjini hapa havishikiki. Kwa hiyo mbunge akikwambia "nililisema kwenye Bunge la bajeti", amekutajia miezi mitatu. Mwambie kwa heshima: Mheshimiwa, tunaomba tarehe ya kikao ili tukasome wenyewe. Mwenye kusema kweli atakutajia, au atamwagiza katibu wake.

Asipotaja, tafuta mwenyewe. Kikao kinaanza saa tatu asubuhi. Dua, hati za kuwasilisha mezani, kisha maswali. Kila swali lina namba na kichwa, tuseme "Ukamilishaji wa Zahanati ya Kijiji" fulani, chini jina la mbunge na neno "aliuliza", halafu "Je, ni lini Serikali itakamilisha…?" Linafuata jibu la Naibu Waziri, na kwa zahanati mara nyingi ni wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hilo ni swali la msingi. Linapelekwa kwa maandishi mapema, ndiyo maana Naibu Waziri anakuja na karatasi. Jibu likishasomwa, mwenye swali anapewa nyongeza mbili, halafu wabunge wengine nao wanasimama kuomba ya kwao, Spika anachagua wachache.

Hapo kwenye nyongeza ndipo nilipoumbuka mimi.

Nilikuwa sina hata mwaka tangu nistaafu, najiona hakuna anayeijua Hansadi kunishinda. Kijijini kwetu ukaitishwa mkutano wa hadhara, chini ya mbuyu, jua la Septemba. Mbunge akasema kisima chetu amekiulizia. Nikanyanyuka na kaunta buku langu mkononi. Nikamwambia: Mheshimiwa, nimepitia vichwa vya maswali vyote vya mwaka huu, wewe umeuliza umeme na umeuliza fidia ya mashamba, kisima hakimo. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji akawa anaangalia viatu vyake. Mbunge hakubisha, alisema tu "nimekusikia mama".

Wiki mbili baadaye katibu wake akaniletea karatasi tatu ndani ya bahasha ya kaki. Kisima kilikuwemo. Alikiuliza kama nyongeza, chini ya swali la msingi la mbunge wa mkoa wa mbali kabisa kuhusu bwawa la huko kwao. Kichwa kinasema bwawa la watu wengine. Kisima chetu kiko ndani, mistari minne, na jibu mistari mitatu. Mimi niliyechapa mambo hayo hayo miaka 22 nilikuwa nimesoma vichwa tu! Mkutano uliofuata nikasimama tena, nikaomba radhi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo tafuta faili zima. Weka jina la mbunge, ukimaliza weka jina la kijiji. Na majina yetu ya Kigogo yana balaa lake. Ng'hambi utaikuta na alama ya king'ong'o, bila alama, au na alama iliyopinda ambayo simu yako haiitambui. Andika kipande kisicho na utata: "hambi". Ya Chang'ombe tafuta "ombe", utachuja mwenyewe. Majimbo nayo yanabadilika majina. Lililokuwa Chilonwa siku hizi ni Chamwino, Mtera ikawa Mvumi, na mwaka 2025 Dodoma Mjini iligawanywa ikazaa Mtumba. Ukitafuta Hansadi ya mwaka 2012 kwa jina la leo utatoka mikono mitupu, umlaumu mtu bure kama nilivyofanya.

Sasa tuseme umelipata swali. Usishangilie bado, soma jibu. Watu wengi wanahesabu maswali kama magoli, mimi hesabu hiyo siipendi. Swali moja lililofuatiliwa miaka mitatu nalipa uzito kuliko maswali 30 yaliyoachwa hewani, na kinachokuonyesha kama limefuatiliwa ni namna jibu linavyobadilika. "Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo": hiyo ni salamu, itikia upite. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea": kuna mtu amefungua jalada. "Itajengwa kadiri ya upatikanaji wa fedha": hapa wameegesha gari, injini wamezima. Lakini ukikuta mwaka wa fedha umetajwa, kiasi cha shilingi kimetajwa, na jina la kijiji limetajwa, hilo ni deni. Linakili neno kwa neno.

Kisha ngoja msimu wa bajeti wa mwaka unaofuata uone kama mbunge wako amerudi kulidai. Dalili nzuri kuliko zote ni shilingi. Umewahi kusikia redioni "natoa shilingi"? Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kufika kwenye fungu lenye mshahara wa Waziri, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo mpaka apewe maelezo. Ni shilingi moja tu, pipi huipati, ila Waziri atasimama ajieleze na wabunge wengine watachangia. Aghalabu shilingi inarudishwa baada ya ahadi. Hansadi inaandika nani aliishika, nani aliunga mkono, na ilirudishwa kwa ahadi gani. Ukikuta mbunge wako ameishika kwa ajili ya paa la zahanati, siku akija mpe mkono. Akiirudisha kwa "nitalifanyia kazi", muulize aliiuza bei gani.

Kaunta buku langu lina safu nne: tarehe, alichosema mbunge, alichojibu Waziri, na nilichokiona kwa macho. Hiyo ya nne ndiyo ninayoijaza kwa wino mwekundu. Kwako wewe kwa sasa ingesomeka: "bati hakuna".

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimeona tovuti ya Uingereza inaitwa TheyWorkForYou, unaweka jina la mbunge inakuletea kila kura aliyopiga. Nimejaribu kufanya hivyo kwa mbunge wa kwetu kwa kusoma Hansadi na sioni kura yoyote. Zinafichwa?
Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Marahaba. Hazifichwi mwanangu, kwa sehemu kubwa hazipo. Uingereza wakigawanyika, wanaokubali wanapita mlango huu na wanaokataa ule, majina yanaandikwa wakipita. Kwetu Spika anauliza, wanaoafiki wanasema "ndiyo" kwa sauti, wasioafiki "siyo", naye anasikiliza upande upi umezidi. Mwandishi wa Hansadi atamtambuaje mmoja mmoja kwenye mngurumo ule? Tulikuwa tunaandika maneno yale yale kila siku: (Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa). Mabano hayo nimeyachapa mpaka vidole vinayajua gizani.

Iko siku moja ya mwaka ambayo ni tofauti, nayo ni ya kupitisha bajeti kuu mwezi Juni. Siku hiyo kura ni ya wazi, Katibu wa Bunge anaita jina moja moja, kila mmoja anajibu mwenyewe. Uzito wake unatoka kwenye Katiba: Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Fungua Hansadi ya siku hiyo, nenda kurasa za mwisho, orodha iko hapo. Usiangalie ndiyo na hapana peke yake. Wasiokuwepo nao wanaandikwa, na mbunge aliyekosa siku hiyo ana la kuwaeleza wapiga kura wake.

Siku nyingine zote kura yake ni ile sentensi ya mwisho ya mchango. Utamsikia mtu anakung'uta Wizara dakika tisa, barabara mbovu, maji hakuna, pembejeo zimechelewa, unasema leo kimeumana. Kengele ya pili ikilia anamalizia: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Basi, hiyo ndiyo kura. Kwenye daftari lako ziandike zote mbili, dakika tisa na asilimia mia.

SWALI: Bibi, mimi nauza chakula karibu na Sabasaba, kwetu Singida. Mbunge wa nyumbani nikimwangalia kwenye mtandao yuko kimya kama amemwagiwa maji. Wenzake wanapayuka yeye anaandika andika tu. Ndiyo tumeliwa?
Mama Ntilie, Dodoma

JIBU: Pengine, ila usikate shauri kwa picha. Muda wa kusema ni mdogo, dakika kumi au hata tano, na foleni ni ndefu. Mbunge anaruhusiwa kuchangia kwa maandishi. Kwenye Hansadi nyingi utaikuta sehemu hiyo baada ya waliosema kwa mdomo. Nimewahi kuchapa mchango wa maandishi wa mbunge mmoja mpole, una majina ya vijiji, vipimo vya daraja na hesabu ya watoto wanaovuka mto kwenda shule. Hakupigiwa meza kwa sababu hakuna aliyemsikia. Jirani yake alisimama siku hiyo hiyo akapongeza watu wanane kwa vyeo vyao, muda ukaisha. Makofi matatu.

Na kazi za kamati huzioni kwenye kamera. Uliza yuko kamati gani.

Lakini nisikudanganye: miaka mitano bila swali la msingi hata moja, bila mchango wa maandishi, huyo amekaa tu. Kuuliza swali hakuhitaji sauti nzuri.

SWALI: Nilisikia Naibu Waziri akimwambia mbunge, "majibu ya kina nitampatia kwa maandishi." Hayo majibu sisi wananchi tunayapata wapi?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Anapewa mbunge aliyeuliza. Kwa hiyo mwombe yeye, na mwombe mapema kabla karatasi haijapotelea kwenye gari. Kama anazungusha, jambo lenyewe kwa kawaida liko pia kwenye halmashauri au wakala anayehusika. Andika barua kwa Mkurugenzi, taja tarehe ya kikao na swali, sema unaomba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Muhuri ule una miujiza yake, mwalimu. Barua isiyo nao hukaa chini ya nyingine zote.

SWALI: Naweza kuingia kusikiliza mwenyewe badala ya kusoma?
Bodaboda, Nkuhungu

JIBU: Unaweza, jukwaa la wageni lipo. Kitambulisho mfukoni, nguo za heshima, kofia ngumu iache kwenye pikipiki. Nenda asubuhi ya Alhamisi, siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, hapo hakuna anayesoma karatasi iliyoandaliwa. Andika unachokisikia, hata kama ni mistari miwili. Hansadi ya siku hiyo ikitoka, linganisha, na ukikuta tofauti niletee, nataka kuiona.