Kanga ikigusa kovu, naungua

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Nina miaka 29, nauza machungwa hapa Muheza. Nilijifungua kwa upasuaji miezi 14 iliyopita. Mtoto hajambo na kidonda kilifunga vizuri, lakini pembe ya kulia ya kovu inawaka moto, halafu inapiga kama shoti ya umeme mpaka kinenani. Kanga ikigusa tu, nashtuka. Nikiinua tenga, nakaa chini nalia. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo linauma. Utrasaundi wakasema sina kitu. Daktari mmoja akaniandikia amitriptilini; mama mkwe akaulizia duka la dawa, akaambiwa ni ya wagonjwa wa akili. Nikaacha siku ya nne. Mume wangu naye anaona namkwepa. Je, nimeanza kuchanganyikiwa?
Mama Shufaa, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujachanganyikiwa hata kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mkono uko tumboni kwangu, maana mtoto wangu wa tatu naye alizaliwa kwa kisu, na pembe ya kushoto ya kovu langu ilinitesa karibu miaka miwili. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na bado niliona haya kuwaambia wenzangu.

Nadhani kovu lako ni lile la kulala, chini ya kitovu karibu na kinena. Mkato huo ulielezwa na daktari Mjerumani, Pfannenstiel, mwaka 1900, na ni mkato mzuri. Ila kwenye pembe zake, ndani ya misuli, hupita mishipa ya fahamu myembamba inayoshuka kinenani. Mshipa unaweza kukatwa, kushonewa pamoja na nyama, au kubanwa na kovu likikomaa. Utrasaundi ya kawaida ya tumbo haiuonyeshi. Waliosema hawakuona kitu walisema kweli. Kukwambia huna kitu ndiko kukosea.

Leo usiku lala chali. Kwa ncha ya kidole kimoja tafuta mahali panapouma kuliko pote. Ukipapata, bonyeza, kisha inua kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono. Maumivu yakizidi tumbo linapokaza, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo kiko kwenye ukuta wa tumbo, si kwenye kizazi. Weka alama ya kalamu hapo, uende nayo kwa daktari. Mimi nilikwenda na alama yangu ya biki ya bluu. Bingwa akachoma sindano ya ganzi pale pale, na haikufika robo saa nikashuka kitandani nikatembea wima. Usiku maumivu yalirudi, lakini nililia kwa furaha, kwa kuwa sasa adui alikuwa na mahali pake. Sindano hiyo hutambua na pia hutibu. Wengine hurudiwa mara kadhaa. Ikishindikana kabisa, daktari wa upasuaji anaweza kuuondoa mshipa wenyewe, na hapo utabaki na ganzi kwenye ngozi.

Mama mkwe naomba asome hapa. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, ni kweli. Lakini dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku, hutuliza mshipa ulioumia, kazi ambayo diklofenaki haiiwezi. Siku nne hazitoshi. Usingizi na kinywa kukauka huja kwanza, nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, mwambie uliiacha na kama bado unanyonyesha. Usiichanganye na tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, bila kuambiwa, na ikikukubali usiiache ghafla. Ifungie mbali na mtoto: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Ngozi nayo inafundishika. Anza na pamba, papasa pembeni ya kovu ukisogea polepole, dakika 5, mara tatu kwa siku. Pamba ikizoeleka, chukua kanga kuukuu, baadaye taulo. Kanga mpya yenye wanga bado, ifue kwanza mara mbili tatu. Machungwa yagawe kwenye ndoo mbili ndogo, na tenga zima anyanyue mwingine.

Mume wako mshike kidole, umwekee mwenyewe mahali penyewe. Mwanamume anayeona mkewe anageuka ukutani kila usiku hujijibu vibaya. Akijua ni sehemu ndogo kama sarafu, mtapata namna ya kulala bila kuigusa.

Lakini kama pana donge linalouma zaidi kila ukiingia hedhini, au uvimbe unaotokeza ukikohoa, au homa na usaha, hayo ni mambo mengine, usingoje. Nenda wiki hii.

Baada ya wiki sita niandikie. Nataka kujua alama uliiweka wapi, na sindano ilipoingia ulihisi nini.