Ukishampiga kulungu usikimbilie kusema "atapona tu"

Jana jioni dogo mmoja mgeni kwenye kundi letu kampiga kulungu kwa upinde, na hata mikono haijaacha kutetemeka keshashuka kwenye ulingo, huyo kaingia kichakani na tochi. Nikampigia simu arudi, hakupokea. Leo asubuhi kaja na macho mekundu ananiuliza swali ambalo naulizwa kila msimu: "Kaka, si atapona tu?" Naandika haya kwa ajili yake na kwa wote mlioanza mwaka huu, manake nawapenda ila mnanichosha, kila mwaka kosa ni lilelile.

1. Usishuke. Ukishaachia mshale au risasi tulia hapohapo, tazama aliruka vipi, shika alama ya mti wa mwisho aliopitia, angalia saa. Aliyepigwa moyo au mapafu yote mawili huwa hamalizi hata dakika, mara nyingi utamkuta ndani ya mita mia na ushee, kwa hiyo ukingoje nusu saa hujapoteza chochote. Akirusha miguu ya nyuma kama punda, hiyo ni dalili nzuri. Akikunja mgongo akaondoka polepole kama mtu anayeumwa tumbo, basi ndo tumbo hilohilo umepiga, na hapo ndipo mnapoharibu.

2. Soma damu kabla hujaifuata. Ya pinki yenye povu ni mapafu. Nyekundu iliyokolea kama zambarau ni ini, ngoja masaa manne. Ukiona majimaji ya kijani au kahawia, au mshale unanuka chakula kilichochacha, ni utumbo, ngoja masaa nane mpaka kumi na mbili hata kama usiku unaingia na roho inakuuma. Nyekundu inayong'aa, inamwagika sana mwanzoni afu inakatika ghafla, mara nyingi ni nyama tu. Nywele nazo zinasema, nyeupe ni za chini tumboni, ndefu za giza ni za mgongoni. Tembea pembeni ya damu usiikanyage, weka kipande cha tishu kila penye tone, ukigeuka nyuma utaona mwelekeo wake wote.

3. Hii ndo nimekaa nayo muda mrefu.

Msimu wangu wa tatu nilimpiga jike mmoja jioni, jua linazama. Alikuwa amegeuka kidogo kunielekea, siyo ubavu kamili, na nilijua kabisa kwamba pembe ile siyo, mzee aliyenifundisha alishaniambia mara ngapi, lakini nilikuwa nimekaa juu ya ule mti siku sita bila kuona kitu na kidole kikaamua chenyewe. Mshale ukaingia nyuma ya bega ukatokea tumboni. Nilipouokota ulikuwa na vipande vya majani yaliyotafunwa. Nikaufuta kwenye suruali nikajiambia hilo ni ini. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu na nikaufuta.

Nikangoja dakika arobaini, basi. Hatua kama mia na hamsini nikakuta alipolala, nyasi zimebonyea na damu kidogo nyeusi, nikaweka kiganja pale chini, pa moto bado. Nikamsikia anainuka mbele yangu. Nikamulika nikaona macho mawili, amesimama amejikunja, ananitazama, afu akaingia gizani. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani saa hiyohiyo. Mimi nikamwita rafiki yangu tukamfuata, tukamwinua mara ya pili, tukamwinua mara ya tatu, na kila akiinuka damu inapungua, kwa sababu utumbo na mafuta vinaziba tundu, nje hakitoki kitu na yeye ndani anazidi kuharibika. Angeachwa pale alipolala mara ya kwanza angefia palepale usiku ule. Saa nne mvua ikashuka. Tulikuwa tumefika kwenye kichaka cha miiba, rafiki yangu akaniambia hawa viumbe ni wagumu, atapona tu. Nikaichukua ile kauli kama shuka nikajifunika nayo, nikaenda kulala.

Siku ya nne niliona kunguru. Yule jike alikuwa hatua mia mbili kutoka pale tulipogeuzia, ng'ambo ya ileile miiba. Kilichonimaliza ni malalo, niliyahesabu matano, la hapa na la pale, hatua chache chache, yaani alikuwa anainuka anajikokota anajilaza tena. La mwisho, mbele ya kifua chake, majani yote yalikuwa yamekwanguliwa mpaka udongo mtupu, kwa miguu ya mbele. Hakufa usiku ule, aliendelea kuwa hai baada ya sisi kuondoka. Nilikaa pale chini sijui muda gani, na rafiki yangu sikumwambia mpaka miaka miwili ikapita.

4. Sasa jibu la swali lenyewe, wanapona? Wengi ndiyo, na nasema hivyo bila kuwafariji. Waliochuna kulungu wengi wamekuta vigumba vya zamani vimeviringishwa na kovu gumu ndani ya nyama, na mbavu zilizovunjika zikaunga zikaacha nundu. Yupo wa miguu mitatu anayekimbia na kuzaa kama wenzake. Ukimpiga juu ya uti wa mgongo, kwenye sarara, anaweza kudondoka palepale kama amekufa afu akainuka akaenda zake na akaishi, na ndo hapo watu wanakuambia kuna uwazi kati ya uti na mapafu. Hakuna uwazi wowote, mapafu yanafika mpaka chini ya uti, wewe ulipiga juu yake.

Kule Marekani, kwenye kambi moja ya jeshi la wanamaji jimbo la Maryland, waliweka rekodi za wawindaji wa upinde kuanzia 1989 mpaka 2006: kulungu 908 walipigwa, 746 wakapatikana, yaani karibu 18 katika kila mia hawakuonekana. Na Oklahoma miaka ya tisini walifunga madume redio shingoni, 22 wakapigwa, nusu hawakupatikana, na katika hao 11 waliopotea ni watatu tu waliokufa. Dogo atazisoma hizi namba afurahi, nimeshamwona akifurahi. Lakini wale watatu hawakuwa na alama usoni, na aliyekuwa anawafuata hakuwa na redio mkononi. Wewe unacho ulichookota tu. Ukiwa umeokota damu ya nyama iliyokatika, ukatafuta siku nzima, una haki ya kutumaini. Ukiwa umeokota mshale unaonuka, huyo hapatikani akiwa mzima wiki ijayo, maambukizi yanammaliza taratibu, na neno "atapona" hapo ni la kukupa wewe usingizi.

5. Mwite mwenye mbwa mapema, kabla hamjakanyaga kila mahali. Mbwa aliyefundishwa, akiwa kwenye kamba ndefu, hafuati damu peke yake, anafuata harufu inayotoka kwenye tezi iliyo katikati ya kwato za mnyama yuleyule, ndo maana anapita sehemu ambazo wewe huoni hata tone. Wajerumani wana mbwa wa kazi hiyo tu. Na uliza kwanza kama sheria ya unapowinda inaruhusu, siyo kila mahali.

6. Subiri ageuke ubavu au akupe mgongo kidogo. Akikuelekea, mwache apite.

7. Ukimpoteza, mhesabu. Mimi tangu yule jike, nikimpiga mnyama nikashindwa kumpata, kibali changu nahesabu kimetumika na upinde unaning'inizwa mpaka msimu mwingine. Kuna watu kwenye kundi hawakubaliani na mimi kwenye hili na tumeshabishana mpaka usiku, sijabadilika.

Mshale wa dogo nimeunusa leo, ni utumbo. Na alimwinua jana usiku, amekiri mwenyewe, na kukiri kwake nimekupenda. Nyama sidhani kama itafaa tena. Leo tumezunguka mpaka saa tisa, tumepata malalo mawili na baada ya hapo hakuna kitu. Mwenye mbwa anafika kesho alfajiri, tunaanzia lile lalo la pili. Dogo, ukisoma hii, mtu yeyote asipite pale kabla ya mbwa, hata wewe, na uje na buti ndefu, kule chini bondeni kumejaa maji.